Shibiri ya Babu Yako

Nkuhungu, Jumamosi, tarehe 4 Oktoba. Asubuhi upepo wa vumbi, baridi kidogo hadi saa mbili, kisha jua kali. Hakuna wingu.

Mwanangu Tabitha,

Nimeanza na siku na hali ya hewa kwa mazoea. Ndivyo ninavyoanza kila ukurasa wa daftari langu, na nikishika kalamu siwezi kuanza vingine. Wewe umelala chumba cha pili. Begi lako liko mlangoni, na basi la Mbeya linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Mambo ya shuka, vyeti na dawa nimeyaandika kwenye karatasi nyingine, ipo mfuko wa pembeni wa begi. Hapa sitayarudia. Hapa nina jambo moja tu, na nimelikawiza tangu nikiwa msichana mdogo kuliko wewe.

Jumapili iliyopita, kwenye chakula cha kukuaga, ulisimama ukasoma ile insha uliyowaandikia watu wa chuo, kuhusu maisha na kazi za babu yako, Mzee Ndahani wa Mvumi, mvumbuzi wa mashine ya kupura uwele. Ulisoma vizuri. Watu walipiga makofi mara tatu. Mara ya pili ilikuwa pale uliposema kwamba uzembe wa fundi mmoja wa mjini uliziharibu mashine sita za kwanza, lakini babu hakukata tamaa. Wakati huo nilikuwa nimeshika sinia la wali. Nililirudisha jikoni likiwa limejaa, nikasimama huko. Shangazi yako akanifuata.

"Mama Tabitha, unalia nini? Mtoto si anakwenda kusoma?"

Nikamwambia ni moshi. Tunapika kwa gesi.

Yule fundi hakuwa mzembe. Aliyeziharibu zile mashine ni mimi. Hadithi uliyoisoma uliipata kwangu, nami niliiacha ikue humu ndani ya nyumba hadi ikawa kitu cha kusomwa mbele ya watu. Sitaki uondoke nayo.

Sehemu ya kwanza ya insha yako ni kweli tupu, na ninaipenda. Babu yako alichunga ng'ombe hadi ndevu zilipoanza kuota, kisha akajifunza kutengeneza baiskeli kwa kuzifungua za watu na kushindwa kuzirudisha. Ni kweli kwamba mashine aliianza kwa sababu ya bibi yako. Wewe hujapura uwele kwa fimbo, na ninashukuru. Ile nywele ya masuke inaingia shingoni, inaingia kwapani, inawasha siku tatu hata uoge vipi. Bibi yako kila mwaka baada ya mavuno alikohoa hadi mvua za kwanza. Babu yako alikuwa akikaa mbele ya nyumba, anamsikiliza, anageuza gurudumu la baiskeli kwa kidole. Msimu mmoja akatoboa pipa, akaweka mnyororo na pedeli, akaunganisha feni ya mabati chini yake. Ukikanyaga pedeli, masuke yanapurwa juu, nafaka inashuka kwenye chekeche, na feni inapeperusha makapi upande wa pili. Uwele ukatoka msafi wa kupeleka kwenye jiwe la kusagia moja kwa moja.

Siku ya kwanza bibi yako aliingiza mkono kwenye beseni, akaunusa uwele, akasema, "Huu umepurwa na nani?"

"Na baiskeli," babu akajibu.

"Basi baiskeli ije na kuchota maji."

Hayo uliyaandika pia, na watu walicheka. Uliandika alivyoitwa kwenye maonyesho ya wakulima akiwa na koti la kuazima, na alivyosikika redioni. Kinachofuata ndicho hukukijua.

Baada ya maonyesho, ofisi moja ikataka mashine sita zaidi zitengenezwe mjini, kwenye karakana ya Fundi Salimu, Mrangi aliyekuja kutoka Kondoa na ambaye kwa kuchomelea hakuwa na mpinzani. Fundi Salimu akasema yuko tayari, ila anataka mchoro wenye vipimo. Babu yako hakuwa na mchoro. Alikuwa na mkono wake. Kila kitu alikipima kwa shibiri na vidole: panga la feni shibiri moja, mdomo wa feni shibiri mbili, matundu ya chekeche upana wa kucha.

Mimi nilikuwa kidato cha tatu. Nilikuwa na rula, penseli kali na karatasi ya miraba, na katika ukoo mzima hakuna aliyekuwa na vitu hivyo. Nilikaa na babu yako siku mbili. Yeye anataja, mimi naandika. Shibiri moja na nusu. Shibiri nne kasoro vidole viwili. Shuleni tulifundishwa kwamba shibiri ni inchi tisa, karibu sentimeta ishirini na tatu. Nikazidisha. Kurasa nne, safi, bila kufutafuta. Hadi leo sijawahi kuandika kitu kizuri kama kile.

Tabitha, unaujua mkono wa kulia wa babu yako. Umeushika tangu ukitambaa. Kidole cha mwisho hakipo, kilikatwa na mnyororo wa baiskeli kabla sijazaliwa. Shibiri yake inaanzia dole gumba inaishia kidole cha pete. Ni sentimeta kumi na tisa.

Nilikuwa naujua mkono huo kuliko kitabu chochote, na siku zile mbili sikuuona. Nilichoona ni namba ya mwalimu. Hata kama ningefikiri, sidhani kama ningethubutu. Kwetu wakati ule msichana wa umri wangu alimsalimia baba yake akiwa amepiga goti, akampa maji kwa mikono miwili, akaondoka. Kumwambia baba anyooshe kiganja ili nikipime kwa rula, kama fundi anayepima ubao, wazo hilo halikunijia akilini.

Fundi Salimu akazijenga mashine sita kama mchoro ulivyosema. Zilikuwa nzuri, zimepakwa rangi ya kijani. Kila kitu kilikuwa kimekua kwa pamoja, kwa hiyo hakuna kilichogongana na kingine, wala hakuna aliyeshtuka. Mbili zikapelekwa Gulwe kwa treni ya mizigo. Babu alinichukua. Akina mama wakakusanyika na masuke yao, kijana mmoja mwenye nguvu akakanyaga pedeli. Yale mapanga makubwa yakavuta upepo ambao babu yako hakuwahi kuutaka. Makapi yakaruka, na uwele nao ukaruka. Beseni likabaki tupu na uwanja ukajaa nafaka. Kuku wa Gulwe wote wakaja.

Mama mmoja akasema, "Hii ni mashine ya kulisha kuku. Mzee, ya watu utaleta lini?"

Walicheka hadi wakakaa chini. Babu yako alicheka pamoja nao, na alipogeuka upande wangu nikaona hacheki.

Ofisi ikauliza kosa ni la nani. Babu yako akasema mchoro aliukagua mwenyewe kabla ya kuutoa, hivyo kosa ni la karakana. Fundi Salimu akasema alifuata mchoro. Nani angemwamini? Upande mmoja mvumbuzi aliyesikika redioni na binti yake wa sekondari, upande mwingine fundi mgeni mwenye mashine zinazolisha kuku. Hakupewa tena kazi ya mashine. Alirudi kwenye mageti na madirisha. Babu yako naye akaanza kuzitengeneza mwenyewe Mvumi, moja moja, kwa mkono wake, na kila moja ilifanya kazi. Zikaenda vijiji vyote vya Chamwino, zikafika Mpwapwa, zikafika hadi Kondoa kwao Salimu. Na kila ilipokwenda, watu walisema: mnaona? Akitengeneza mwenyewe hazina shida. Ni yule wa mjini aliyeziharibu.

Miezi mitatu baada ya Gulwe, babu alikuwa anarekebisha banda la kuku. Alipima mbao kwa shibiri, akaweka alama za mkaa. Nilipita na rula mkononi, nikaipachika kati ya alama mbili bila nia yoyote. Kumi na tisa. Nikapima nyingine. Kumi na tisa.

Daftari la mwaka ule ninalo. Ukurasa wa siku hiyo una maneno haya tu: "Mawingu, hayakunyesha. Ni shibiri. Sitasema." Hapo chini nimechora mstari kwa rula.

Ningekuambia kwamba niliogopa kuachishwa shule, na ni kweli niliogopa. Lakini si hiyo tu. Nilipenda kuitwa msichana aliyechora mashine. Walimu walinionyesha kwa wageni. Nilijiambia nitasema nikimaliza kidato cha nne. Nilipomaliza nikajiambia nitasema nikipata kazi. Nilipata kazi ya masijala, ambako siku nzima naweka kila jalada mahali pake, nikaolewa, nikakuzaa. Mara mbili nilipita mbele ya karakana ya Salimu nikiwa nimekubeba mgongoni. Mara zote mbili nilivuka barabara. Kila mwaka jambo lilikuwa dogo zaidi kwa watu na zito zaidi kwangu. Hicho ndicho nilichojifunza juu ya kusubiri, wala sina maneno mazuri zaidi ya kukuelezea.

Basi Jumatatu nikaomba ruhusa kazini, nikaenda Mvumi. Nilimkuta babu yako amekaa kwenye kiti chake cha ngozi, anapaka grisi mnyororo ambao hauna baiskeli.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja siku ya kazi. Nani amekufa?"

Nikamwambia hakuna. Nikapiga goti palepale nikasema yote, kuanzia rula hadi banda la kuku. Alisikiliza huku akiendelea kupaka grisi. Nilipomaliza akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja baada ya kingine, akasema, "Mimi nilijua siku ileile ya Gulwe. Nilipachika mkono kwenye lile panga. Lilinizidi vidole viwili."

"Kwa nini hukusema, baba?"

Akakikunja kile kitambaa. Kisha akasema, "Nimwambie nani? Nilikwisha sema nimeukagua mchoro. Nitasemaje tena sikuukagua? Ule mchoro walinipa ofisini mbele ya watu, nikaushika, nikaitikia kwa kichwa. Bwana mmoja akanigeuzia. Nilikuwa nimeushika kichwa chini."

Hapo ndipo nilipojua kwamba babu yako, ambaye wewe unamwita mvumbuzi na ambaye ni mvumbuzi kweli, hakuwahi kusoma zaidi ya herufi za jina lake. Alinificha mimi miaka yote, nami nikamficha yeye, na kati yetu wawili tukamwachia Salimu mzigo wote. Sikujua nicheke au nilie. Yeye akaamua. Akacheka hadi akakohoa, kisha akasema tuende.

"Wapi?"

"Kwa Mrangi. Mimi nina miaka mingapi ya kusubiri?"

Alhamisi nikampeleka. Mzee Salimu bado yupo kwenye karakana yake karibu na reli, ingawa sasa wanawe ndio wanaochomelea na yeye anakaa kwenye benchi na miwani. Alipomwona babu yako anashuka kwenye bajaji, hakusimama. Alisema tu, "Mbukwenyi," kwa salamu yetu ya Kigogo, na kwa sauti ya mtu anayefungua mlango nusu.

Babu akaitikia, akakaa. Alianza yeye. Alisema, "Salimu, nilisema nimekagua. Sikukagua. Sijui kusoma." Maneno hayo tu, kwa Kiswahili chake cha Mvumi. Kisha akaniangalia, nami nikasema ya kwangu.

Vijana walikuwa wamezima mashine ya kuchomelea. Nilisikia bati likipigwapigwa na upepo. Mzee Salimu akavua miwani.

"Binti, nyinyi Wagogo mnakula mlenda kila siku. Ugali unateleza, mboga inateleza. Sasa neno moja tu lilinasa wapi miaka yote hii?"

Mmoja wa wanawe akacheka, akaona baba yake hacheki, akanyamaza.

"Mimi nilijua," Mzee Salimu akasema. "Nilikwenda hadi Mvumi siku ya gulio, nikaipima mashine yake kwa futi yangu wakati watu wanakunywa chai. Kila shibiri imepungua sentimeta nne. Nikajua ni mkono. Nikasema ofisini. Nikasema tena kwa jirani zenu. Mtu ukisema mara mbili hakuna anayesikia, ya tatu unaonekana mwendawazimu. Nikarudi kwenye mageti. Nimewalea watoto saba kwa mageti, namshukuru Mungu. Lakini mke wangu alikufa akisikia naitwa fundi aliyeharibu. Aliniamini, sawa. Ila sokoni alikuwa anaambiwa."

Hilo la mke wake sikuwa nimelifikiria hata siku moja. Niliandika usiku ule: "Kulikuwa na mama sokoni." Sikuweza kuandika zaidi.

Nikamwambia kuhusu insha yako. Nilitaka ajue lote. Akauliza, "Ilisomwa mbele ya watu?" Nikasema ndiyo. "Basi irekebishwe mbele ya watu. Mimi sitaki kingine." Nikasema itafanyika. Akaitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyekubali kipimo.

Kisha akatoa futi ya chuma mfukoni, akamgeukia babu yako. "Lete mkono."

Babu yako akanyoosha kiganja juu ya benchi, dole gumba huku, kidole cha pete kule. Mzee Salimu akainama, akavaa tena miwani, akapima taratibu.

"Kumi na nane na nusu."

"Nimezeeka," babu akasema. "Mkono umesinyaa."

"Afadhali umestaafu. Leo ungetengeneza mashine ndogo ya kupura ulezi wa ndege."

Sasa wakacheka wote wawili, na wale vijana nao. Tulikunywa chai yenye tangawizi. Sitaki ufikiri kwamba yamekwisha. Mzee Salimu aliposhikana mikono na babu aliuachia mkono mapema, nami niliona. Lakini baada ya kumpandisha babu kwenye bajaji nilitembea kuelekea kituoni, na miguu yangu ilikuwa miepesi hivi kwamba nilipita kituo bila kujua. Tangu siku hiyo nimekula vizuri. Baba yako ameuliza kama naumwa, kwa kuwa naimba nikiosha vyombo.

Jumapili ya wiki ijayo, watu walewale waliokupigia makofi nimewaalika tena. Mzee Salimu atakuja, na babu yako, nami nitasimama palepale uliposimama. Utakuwa umeshaondoka. Nakiri kwamba kuna sehemu yangu inayofurahi kwamba hutakuwepo kuniona. Ndiyo maana nimeona wewe usikie kwanza kabla yao.

Insha ni yako. Chuo wameshaisoma na wameshakupokea, na sijui kama kuna namna ya kuwaandikia tena. Labda ipo. Wewe utaamua, sitakusukuma. Nisingependa tu ufikiri kwamba babu yako amepungua. Ile mashine aliitoa kichwani mwake, hakuna aliyemfundisha, na bibi yako aliacha kukohoa. Hayo yamebaki kama yalivyo. Aliogopa aibu, basi, na mimi nikaogopa, na sisi wawili ndio watu waliokufanya upende vyuma hadi unakwenda kuvisomea. Huko utakutana na namba nyingi zilizoandikwa vizuri. Uliza zimetoka kwenye mkono wa nani, na kama inabidi uushike mkono huo, ushike. Na siku utakayokosea, maana utakosea kama sisi, mtafute yule anayelaumiwa kwa ajili yako. Mtafute mapema. Mimi nilichelewa kwa mama mmoja.

Nilikuwa nimepanga kuisukumiza barua hii chini ya nguo zako, uikute jioni ukifika Mbeya. Nimeshaikunja mara moja na kufika hadi mlangoni penye begi. Hapo nikaona kwamba ni kuvuka barabara kwa mara ya tatu. Nimerudi mezani kuandika haya ya mwisho. Nimetega saa iniamshe saa kumi. Nitachemsha chai, nitakuamsha, nitakupa barua mkononi, na nitakaa mbele yako hadi uimalize. Ukiniuliza nitajibu. Ukikasirika, tutakuwa bado na saa nzima kabla ya basi, na hata hiyo saa nitakaa.

Saa saba kasorobo usiku. Upepo umetulia. Nalala.

Mama yako